Doa

Pasua ni jina la mtaa, na ndiyo kazi yangu.
Saa mbili asubuhi nawasha msumeno,
maji yanamwagikia meno ya almasi,
tope jeupe linanirukia hadi kwenye kope,
na wanywa chai wa Mama Aikaruwa, ng'ambo ya barabara,
wanasogeza viti bila kutukana. Wamezoea.

Jumanne liliingia bamba kutoka pwani ya Tanga,
limeviringishwa magunia ya mkonge kama mgonjwa.
Agizo: kifuniko cha kaburi, Kibosho,
mama yake Bwana Ndewario, miaka tisini na mmoja.
"Jeupe tupu, fundi. Bila doa.
Mama alikuwa msafi."

Nikapasua.

Ndani mlikuwa na mfuko.
Si ufa. Mfuko wa mviringo, kama tumbo la chungu,
kuta zimelambwa mpaka zikateleza,
chini yake udongo mwekundu, ungedhani wa barabara ya Himo,
na juu ya udongo, kifudifudi, maganda ya kome,
chaza, kijitawi cha tumbawe kilichosahau rangi.
Kisha jiwe jeupe tena, limefumba mdomo.

Nikazima mota.

Nakundwa hutuwekea hesabu.
Alisomea miamba Dodoma, miaka miwili, ada ikamshinda.
Akaja na kalamu ya bluu sikioni.
"Leja hii husomwa kutoka chini," akasema.
"Hapa bahari ilikuwepo, matumbawe yakajenga.
Hapa ikaondoka. Si kupwa kwa jioni moja,
ni kupwa kwa vizazi na vizazi.
Maji yaliwekwa rehani kwenye barafu, mbali huko,
jiwe likabaki juani, likawa nchi.
Mvua ina uchachu kidogo, kama maziwa ya jana.
Wanasema chururu si ndo ndo ndo,
lakini ndo ndo ndo ndiyo iliyochimba hili shimo,
na shimo likaokota udongo wake.
Hapa," kalamu ikapanda upana wa kidole,
"rehani ikakombolewa. Bahari ikarudi,
ikaingia shimoni na watoto wake wote."

Nikapima kwa rula. Sentimita mbili, na nukta.

"Na huu mstari wa kijivu?"
"Huo siujui. Niliondoka kabla ya somo hilo."

Bibi yangu wa Mwika, akidaiwa, alisema
maji yakijaa hupwa.
Nami mtoto nilidhani anasema mfereji,
ule wa juu ya migomba, zamu yetu ilikuwa Alhamisi.
Alikufa hajaiona bahari. Mimi pia sijaiona,
ila sasa nimeipasua, na imenirukia usoni.

Ijumaa Bwana Ndewario akaja na viatu vya ibada.
Akatazama. Akatia kidole gumba shimoni,
akakitoa, akakikagua.
"Hii nini?"
"Bahari, mzee. Ilitoka, ikarudi."
"Sikulipia bahari."
Nikampunguzia robo. Akakataa.
Nikampigia simu mtu wa Tanga, jiwe jingine,
na safari hii, nikamwambia, chagua lisilo na habari.

Jioni wingu likafunuka kidogo, mlima ukajitokeza.
Kwenye kalenda ya marehemu baba kofia yake ilishuka hadi masikioni.
Leo ni vipande, kama sahani ambayo mtu amekwisha kula.
Nakundwa akasema ni kiasi kidogo,
bahari haitajua hata kama umeiongezea.
Kisha akasema, lakini barafu si hii peke yake.
Akarudi kwenye risiti zake.

Bamba limeegemea ukuta wa nyuma,
chini ya bati linalovuja.
Masika imeanza. Tone linaanguka mahali pamoja,
na pale mng'aro niliouhangaikia siku mbili
umeanza kufifia, duara la ukubwa wa shilingi mia.
Nakundwa ananiuliza kila siku kwa nini silihamishi.

Namwambia kesho.